Jogoo wa Katoni: Shingo Iliyoliwa na Panya

Msomaji, tulipoachana wiki iliyopita kichwa cha jogoo kilikuwa bado hewani. Sasa kimetua.

Kimetua juu ya kiatu cha mwenyekiti wa tawi la chama, ndani ya duka la Mama Jelagat pale Uganda Road, Eldoret, mbele ya watu wote waliokuja kumwona mkubwa akinunua pakiti ya majani ya chai.

Hakuna aliyecheka. Miaka ile mtu alikuwa anaangalia nyuso za wenzake kwanza ndipo acheke.

Mwenyekiti alitazama kiatu chake. Halafu akainua macho mpaka kwenye rafu. Kiwiliwili cha jogoo kilikuwa bado kimesimama pale bila kichwa, mabawa wazi, tumbo limejaa pakiti za Chai Mapema.

"Nani ametengeneza hii kitu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Gerishon Nduati alikuwa karibu na magunia ya sukari. Angeweza kunyamaza. Lakini wiki nzima alikuwa amewaambia watu wa mji kwamba jogoo yule ni kazi ya mikono yake, na sasa watu hao hao walikuwa wamegeuka kumtazama.

"Ni mimi, Mzee."

"Wewe ndiye umemkata jogoo kichwa."

"Sijamkata, Mzee. Ameanguka mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Mama Jelagat alishika kingo za meza yake ya kuuzia. Jogoo ndiye alama ya chama, na chama kilikuwa kimoja tu. Alikuwa kwenye bendera, kwenye kadi za wanachama na kwenye vifua vya wakubwa. Na hapa alikuwa amesimama mtu mzima, mwenye akili zake, akisema mbele ya mwenyekiti kwamba jogoo ameanguka mwenyewe.

"Rudia," mwenyekiti alisema.

Gerishon hakurudia.

Kwa yule anayeanza kusoma leo, nitasema kwa ufupi tulikotoka. Gerishon ni mchoraji katika kiwanda cha katoni cha Bwana Bethwel, nyuma ya stesheni ya reli. Kazi yake ni kuchukua katoni bapa, kuichora mistari ya kukunjia, kuikata pahali na kuiacha pahali, mpaka mwenye duka akiisukuma kwa vidole viwili inainuka na kuwa kitu: nyumba, ndoo, ng'ombe. Kitu hicho kinakaa kwenye rafu na kubeba bidhaa tumboni, na mama anayepita hawezi kukosa kukiona. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kukunjua pakiti ya maziwa ya shule, ile ya pembe tatu, akashangaa kuona kwamba ni karatasi moja tu.

Kampuni ya Chai Mapema iliomba jogoo kwa sababu jogoo huamsha watu asubuhi. Hapakuwa na sababu nyingine. Ni Bethwel, aliyekuwa anatafuta kiti katika kamati ya tawi, ndiye aliyebeba sampuli mpaka kwa mwenyekiti na kusema, "Mzee, hii ni heshima yetu kwa chama." Tangu siku hiyo jogoo hakuwa tena wa majani ya chai. Na Ijumaa hii mwenyekiti alikuwa amekuja mwenyewe kumsalimia.

Sasa alikuwa anamsalimia bila kichwa.

"Bwana Bethwel," mwenyekiti aliita.

Bethwel alijitokeza kutoka nyuma ya umati, jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Huyu ni mtu wako?"

"Ameajiriwa kwangu, Mzee. Lakini michoro ni yake. Mimi nasimamia mashine tu."

Gerishon alimtazama bosi wake. Wiki nzima Bethwel alikuwa akiwaambia wateja, "Jogoo nilimwota usingizini." Leo hakuwa ameota kitu.

Kabla mtu hajasema lolote, gari la Chai Mapema lilisimama nje kwa kishindo na dereva akaruka chini. Aliingia dukani akisema kabla ya kutazama nani yuko ndani.

"Bosi Bethwel, kuna shida. Jogoo wa maduka ya Burnt Forest wote wameinamisha vichwa. Turbo pia. Kule soko la Ziwa kuna mmoja amebaki mkia peke yake."

Ndipo alipomwona mwenyekiti. Akavua kofia. Hakujua pa kuiweka.

"Wote?" mwenyekiti aliuliza.

"Mzee, mimi ni dereva tu."

Mwenyekiti alitoa mguu wake taratibu chini ya kichwa cha jogoo, kama mtu anayetoka kwenye tope. Akatoka nje. Mlangoni alimwambia msaidizi wake maneno machache, na msaidizi akaenda mbio upande wa kituo cha polisi.

Gerishon alipiga magoti, akaokota kichwa. Alikigeuza. Akakileta karibu na dirisha.

Moyo wake ulifunguka.

Alama za meno. Meno madogo, mawili mawili, kuzunguka ukingo wote wa shingo. Unga mweupe ulikuwa umebaki kwenye mikunjo kama makombo ya mkate.

"Ni panya," alisema. "Mama Jelagat, njoo uone. Ni panya wamekula gundi."

Na ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Gundi ya ng'ambo ilikuwa imeadimika. Bethwel alikuwa ameamuru wapike gundi ya unga wa ngano, uji mzito wa sufuria, na Nduta, mke wa Gerishon, ndiye aliyekuwa anaupika pale kiwandani na kuupaka. Ngano ya wilaya yetu ya Uasin Gishu ni tamu. Na Gerishon, kwa kiburi cha ufundi, alikataa katakata kuweka waya au kijiti katika shingo. Alitaka jogoo wa karatasi moja. Kwa hiyo shingo ilikunjwa mara mbili, bomba ndani ya bomba, na katikati ikajazwa gundi mpaka ikakauka kama mfupa. Hapakuwa na sehemu nyingine ya jogoo yenye unga mwingi kama pale.

Alikuwa amewaandalia panya wa wilaya nzima chakula, akakiweka juu ya rafu.

"Mama, sema umeona," Gerishon aliomba. "Hizi ni alama za panya."

Mama Jelagat hakutazama kichwa. Alitazama mlango, watu waliosimama pale, na kabati lake la mikate.

"Panya?" alisema. "Kwa duka yangu? Mimi sina panya."

"Mama, hata magunia haya yana matundu."

"Hayo ni matundu ya misumari. Gerishon, usiniharibie jina. Bwana afya amefunga duka ya huyo jirani yangu juzi tu, ati ameona mkia. Mimi nina watoto wanasoma."

"Wanataka kunipeleka ndani, Mama."

"Pole," alisema Mama Jelagat, na alikuwa anamaanisha. "Lakini sina panya."

*

Inspekta Elphas wa upelelezi alikuwa mtu wa kusema tafadhali. Waliomjua walitamani afadhali angepiga kelele.

Alifika na askari wawili. Alinunua soda, akainywa nusu, akaiweka mezani, ndipo akamgeukia Gerishon.

"Tafadhali, bwana, niambie. Nyumbani ni wapi?"

"Langas."

"Hapo ndipo unalala. Nimeuliza nyumbani."

"Nilizaliwa hapa hapa, bwana. Baba alikuja kufanya kazi kwa mzungu wa ngano."

"Alikuja kutoka wapi?"

"Nyeri."

Miaka ile chama hakikuwaamini watu wa Nyeri. Elphas aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata mfukoni kile alichokuwa anatafuta.

"Sasa nieleze habari ya jogoo."

Gerishon alieleza. Alieleza gundi, unga, bomba ndani ya bomba. Alionyesha alama za meno. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimtia Gerishon moyo.

"Kwa hiyo ni panya," Elphas alisema.

"Ndiyo, bwana."

"Panya wa hapa mjini, na panya wa Turbo, na panya wa Burnt Forest, na wale wa Ziwa. Walikutania wapi?"

"Hawakukutana. Kila mmoja alisikia harufu ya unga."

"Na wote wakachagua shingo. Hakuna aliyetaka mkia."

"Mkia hauna gundi nyingi, bwana. Nilichora mimi, najua."

"Ndiyo," alisema Elphas. "Ulichora wewe."

Alimtuma askari mmoja aende duka kwa duka, juu na chini ya barabara, aulize swali moja tu: mna panya? Askari alichukua muda. Aliporudi alisimama wima.

"Hakuna, bwana. Wote wanasema hawana."

"Hata yule wa mahindi?"

"Yule ndiye alikasirika zaidi, bwana. Amesema hata paka wake alikufa na njaa."

Na hivyo, msomaji, siku ile Uasin Gishu nzima haikuwa na panya hata mmoja. Kila mwenye duka aliapa. Waliapa kwa mama zao, kwa makanisa yao na kwa leseni zilizoning'inia ukutani.

"Bwana Bethwel," Inspekta aliita. "Gundi ya unga ni kweli?"

Bethwel alilamba midomo. Gerishon alimwomba kwa macho.

"Mimi nilitoa gundi ya kawaida," Bethwel alisema. "Kama wao walipika uji, walipika wenyewe."

Gerishon alirudi nyuma hatua moja. Alishika rafu. Kiwiliwili cha jogoo kilitikisika, pakiti mbili za majani zikadondoka, na askari mmoja akaruka kana kwamba kumetupwa bomu.

Ndipo wazo lilipomjia. Lilimjia kama linavyomjia mtu anayezama, na kama mtu anayezama alilishika bila kutazama ni nini.

"Bwana Inspekta, weka mwingine."

"Mwingine nini?"

"Jogoo mwingine. Mpya, akunjwe vile vile, mchoro ule ule. Umweke hapa hapa. Kesho Jumamosi Mama akifunga saa za mchana, piga kufuli yako mwenyewe. Jumatatu fungua. Utaona panya wamemla shingo."

Inspekta alizungusha chupa ya soda mezani.

"Na shingo ikiliwa?"

"Basi ataanguka, na utajua nimesema kweli."

"Kwa hiyo unaniomba nikae na wewe tungoje jogoo aanguke."

Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Sikusema hivyo, bwana."

"Umesema akianguka utafurahi."

"Nimesema utajua ukweli."

"Ni sawa," alisema Elphas, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeanza kupendezwa na kazi yake. "Mimi napenda kujua. Akianguka, wewe ni mjinga tu, na wajinga ni wengi, siwezi kuwafunga wote. Utaenda nyumbani. Akisimama..."

Alimalizia soda yake.

"Tafadhali, twende," alisema.

*

Seli ilikuwa na watu wengine wawili. Mmoja alikuwa amekamatwa na pombe haramu ya chang'aa, na mwingine alikuwa hajaambiwa bado ni kwa nini. Walimwuliza Gerishon yeye ameletwa na nini.

"Jogoo," alisema.

"Umeiba?"

"Nimekunja."

Walihamia upande mwingine wa ukuta.

Jumamosi ilipita. Gerishon alikaa akihesabu kwa akili yake mikunjo ya shingo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wengine wanavyosali. Aliona panya wa Mama Jelagat wakitoka nyuma ya magunia. Aliwajua. Walikuwa wanono, wasio na haraka. Wangepanda rafu na kufika kifuani mwa jogoo, na pale juu wangeikuta ile ngano.

"Njooni," alisema chini kwa chini. "Njooni, wazee wangu. Kuleni."

Yule wa chang'aa alimtazama akasogea tena.

Msomaji, labda unasema moyoni mwako kwamba mtu huyu ataponea hapa. Hata yeye alianza kusema hivyo. Jumamosi ile alilala fofofo, na Jumapili aliamka na njaa, jambo ambalo mtu aliyekata tamaa hanalo.

Jumapili baada ya kanisa, Nduta alikuja.

Alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mboga, kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Askari wa mlangoni aliuchimba mukimo kwa kijiti mpaka chini, akakosa alichotafuta, akawaruhusu wasemezane kupitia vyuma. Yeye mwenyewe alibaki pale pale, karibu kama mkwe.

"Umekula?" Nduta aliuliza.

"Nitakula."

"Kula nikiona."

Alimpitishia mukimo kwa mkono. Gerishon aliupeleka mdomoni, na kabla haujafika alisikia harufu. Haikuwa ya viazi. Ilikuwa harufu kali, ya kuchoma pua, na ilitoka kwenye vidole vya mke wake.

"Nduta. Mikono yako inanuka nini?"

Nduta alitabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu Ijumaa.

"Umejua tu," alisema. "Wewe huwezi kufichwa kitu cha gundi."

"Inanuka nini?"

"Ngoja nikuambie vizuri. Jana asubuhi askari alikuja kiwandani. Akasema Inspekta anataka jogoo mmoja mpya, atafungiwa kwa Mama Jelagat mpaka Jumatatu, waone kama atasimama. Bethwel akatuambia, kunjeni kama kawaida. Mimi nikajiambia, hiyo kawaida ndiyo imemfungisha bwanangu."

Gerishon aliuweka mukimo chini.

"Nikaenda kwa Simeon," Nduta aliendelea. Simeon ni fundi wa viatu pale kituo cha mabasi. "Nikamwambia shida yetu, akanipa kopo yake yote ya gundi. Ile ya soli. Hiyo panya akiinusa tu anakohoa. Nikaimimina ndani ya shingo. Halafu," na hapa aliinamisha uso kidogo, kwa aibu ya mtu aliyevunja sheria ya nyumba, "nikaweka spoku ya baiskeli. Kutoka kifuani mpaka kwenye kishungi. Najua wewe hutaki waya. Utanisamehe. Lakini, Baba Muthoni, huyo jogoo haanguki. Hata wakimwacha pale mpaka mtoto wetu aolewe, atakuwa amesimama."

Gerishon alishika vyuma kwa mikono yote miwili.

Angemlaumu vipi? Nani katika mji mzima wa Eldoret, mwaka ule, angefikiri kwamba kuna mtu amekaa seli akiomba jogoo aanguke? Ungeuliza watoto wa shule, wangekuambia kinyume chake. Nduta alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye akili na upendo angefanya. Alikifanya vizuri, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzuri kuliko mikono yote ya kiwanda kile.

Gerishon aliinama kwenye vyuma na kuanza kumwambia kwa Kikuyu, haraka haraka.

"Kiswahili," askari alisema.

"Ni mke wangu, afande."

"Hata kama. Hapa ni Kiswahili, mzee. Ama Kiingereza ukitaka."

Gerishon alitafuta maneno. Alijaribu sentensi moja kimoyomoyo, kisha nyingine. Iondoe spoku. Nilikuwa nataka aanguke. Mwambie Inspekta umebadilisha. Kila moja ilikuwa ya kumfunga yeye, na ya mwisho ilikuwa ya kumfunga Nduta. Na hata kama angepata ya kusema, kufuli ilikuwa ya polisi na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Elphas.

"Mbona huli?" Nduta aliuliza. Tabasamu lake lilikuwa limeanza kupungua. "Nimekosea? Ni ile spoku?"

Askari alikuwa anasikiliza huku akijifanya anatazama kucha zake.

"Hujakosea," Gerishon alisema. "Umefanya vizuri."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli. Sasa sikia. Kesho usije. Mchukue Muthoni, muende kwa dada yako Burnt Forest. Leo. Kuna basi ya jioni."

"Niende Burnt Forest kufanya nini?"

"Kutembea."

"Nisimwone akiwa amesimama? Nisikuone ukitoka?" Nduta alicheka kidogo. "Nitakuja wa kwanza. Nitavaa ile gauni ya krismasi."

"Basi ukija, usiseme ni wewe uliyekunja."

"Kwani nimeiba? Mtu anaona haya na kazi yake?"

Hayo, msomaji, yalikuwa maneno ya Gerishon mwenyewe. Alikuwa amemfundisha hivyo tangu siku walipooana.

"Muda umekwisha," askari alisema.

*

Jumatatu asubuhi ilikuwa na baridi ya Eldoret, ile ya kuingia ndani ya mifupa. Watu walikuwa wamejaa mbele ya duka la Mama Jelagat kabla jua halijapanda. Mwenyekiti hakuja, lakini msaidizi wake alikuwepo. Bethwel alikuwepo, na tai shingoni. Gerishon aliteremshwa kwenye Landrova akiwa na pingu.

Alimtafuta Nduta katika umati, na hakumwona. Akashusha pumzi. Labda amepanda basi.

Inspekta Elphas alifungua kufuli yake kwa mkono wake. Mlango wa bati ulipanda kwa kelele. Mwanga uliingia na kupiga rafu.

Jogoo alikuwa amesimama.

Alisimama wima, kifua mbele, kishungi chekundu kimeelekea dari. Hapakuwa na jogoo mzuri kama yule katika Eldoret nzima. Hata Gerishon, katika hali ile, aliona shingo ilivyopanda na akajua ni kazi safi.

Watu walianza kupiga makofi. Makofi yalianzia kwa msaidizi wa mwenyekiti na kuenea mpaka barabarani.

Lakini Gerishon alikuwa anatazama chini ya jogoo. Panya walikuja. Msomaji, walikuja. Rafu yote ilikuwa imejaa mavi yao, punje nyeusi kutoka ukuta mpaka ukuta. Pakiti ya unga jirani ilikuwa imetobolewa, mkate ulikuwa umeliwa ubavu. Walimzunguka jogoo yule siku mbili, wakainusa gundi ya soli, wakaenda zao.

Ushahidi ulikuwa pale pale, mweusi juu ya ubao mweupe.

"Bwana Inspekta," aliita. "Tazama chini. Tafadhali, tazama hapo chini kwa miguu yake."

Elphas alikuwa amegeuka nyuma kutuliza makofi. Na katika muda ule mfupi Mama Jelagat alipita mbele ya rafu akiwa na leso yake. Alipangusa mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mkate uliingia chini ya meza. Pakiti ya unga iligeuzwa uso.

"Mama, usipanguse," Gerishon alisema. "Mama, nakuomba."

"Ni simsim," Mama Jelagat alisema bila kumtazama. "Ilimwagika Jumamosi."

Elphas alitazama rafu. Ilikuwa safi.

"Nitazame nini, bwana Gerishon?"

Gerishon alitazama leso iliyokunjwa mkononi mwa Mama Jelagat. Akatazama macho yake. Yalikuwa na machozi, lakini mkono haukufunguka.

"Hakuna," alisema.

Inspekta alimkaribia jogoo. Alimpiga shingoni kwa kidole, kama mtu anayejaribu tikitimaji. Jogoo hakutikisika. Akamkamata kichwa, akamvuta chini, akamwachilia. Jogoo alirudi juu na kusimama.

"Kumbe mkitaka, mnaweza," Elphas alisema.

Makofi yalikoma.

"Mnajua kutengeneza jogoo wa kusimama. Mmeonyesha. Basi wale wengine, wa Burnt Forest, wa Turbo, wa hapa, walitengenezwa wa kuanguka." Alisema hayo taratibu, bila hasira, kama mwalimu wa hesabu anayefika kwenye jibu. "Sasa tafadhali. Huyu mzuri amekunjwa na nani?"

"Na mimi," Gerishon alisema haraka.

"Wewe ulikuwa kwangu, bwana. Tangu Ijumaa."

Bethwel alitazama dari. Watu wengine walitazama viatu vyao. Katika miaka yote ya ndoa yao Gerishon alikuwa hajawahi kumwomba Mungu amnyamazishe Nduta. Alimwomba sasa.

Nyuma kabisa ya umati mkono ulipanda juu, ukiwa ndani ya mkono wa gauni la krismasi. Gundi ya soli ilikuwa bado imeganda kwenye vidole. Watu walipishana, na uso wa mwenye mkono ukaonekana, unang'aa kama wa mtoto wa shule anayejua jibu.

"Ni kazi yangu, bwana Inspekta," alisema Nduta. "Na huyo haanguki."

Elphas alivua kofia yake.

"Tafadhali, mama," alisema. "Pita hapa mbele."